Kalendula juu ya mawe ya volkano

Kwetu ukipiga jembe, linagonga jiwe. Nyumba imekaa juu ya lava iliyoshuka kutoka mlima wa Nyiragongo, hapa Kongo, Januari 2002, na udongo wa kupandia tunaununua. Unaletwa kwa magunia juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Bustani yangu ya dawa kwa hiyo ni magunia matatu na bidoni mbili za njano zilizokatwa katikati.

Nilitaka kalendula, ua la dawa ya ngozi, kwa sababu ya mikono yangu. Nafua nguo za watu, na kila kiangazi ngozi inapasuka kando ya kidole gumba mpaka inatoa damu.

Mara ya kwanza nilikosea mmea wenyewe. Niliuziwa mbegu nyembamba nyeusi zenye mkia mweupe, nikamwagilia kwa moyo wote. Jirani akachungulia: “Mama Mapasa, haya si yale wanayopanda mbele ya ofisi?” Kweli, majani yalikuwa yamechanika-chanika na yananuka vikali. Jani la kalendula ni zima, refu kidogo, linanata. Kwa Kifaransa wanaiita souci, neno ambalo pia ni wasiwasi, na wasiwasi niliupata.

Mbegu za kweli nilizifukia sentimita moja. Siku ya tisa zikachomoza. Baada ya miezi miwili hivi, maua. Vidukari vilikuja, nikavinyunyizia maji ya sabuni, basi. Kadiri unavyochuma ndivyo inavyozidi kuchanua. Mimi nachuma saa nne asubuhi, umande ukishakauka. Vidole vikibaki na utomvu unaonata kama ubani, ujue ua lina nguvu.

Kwenye kuloweka maua katika mafuta ya kupaka ndipo nilipolia. Petali zilionekana kavu, nikazitia kwenye chupa, nikamimina nusu lita ya mafuta ya alizeti, nikafunga kwa nguvu. Wiki mbili baadaye kulikuwa na matone ya maji chini ya kifuniko na manyoya ya kijivu juu ya mafuta. Nikamwaga yote. Nusu lita! Kumbe kile kitako kinene cha kijani chini ya ua huficha maji hata petali zikikauka.

Sasa naanika kivulini juu ya chandarua cha zamani, na mvua ikinyesha nangoja hata siku kumi. Kitako lazima kivunjike “ta!” kikibanwa. Mafuta yafunike maua yote, mdomo wa chupa naufunga kwa kitambaa, nangoja mwezi, kisha nachuja. Kwa mililita 250 natia gramu 30 za nta ya nyuki, sufuria ndani ya sufuria yenye maji ya moto.

Nilipoyapaka, nyufa zangu zilifunga ndani ya wiki moja hivi. Shemeji yangu alipojaribu kidogo kwenye kifundo cha mkono alianza kujikuna, nikamwambia aache. Kalendula ni ukoo mmoja na kamomili na alizeti, na wapo wasioivumilia. Mwenye mimba aliyeniomba chai yake sikumpa. Jeraha la kina au lenye usaha ni la kituo cha afya.

Maua ya mwisho niliyaacha yakomae. Jirani yule yule akaja:

“Mama Mapasa, nipe hata mbegu kumi.”

Nikamhesabia ishirini kiganjani, za rangi ya mchanga, zimepinda kama kucha za kuku. Akazigeuza moja moja, akatafuta mkia mweupe.