Siku moja na mwalimu wa kemia: chumvi, nta na leso mbichi

Saa kumi na moja alfajiri

Adhana inanikuta nishaamka. Naishi Likoni, nafundisha kisiwani Mombasa, na asiyewahi feri hupoteza kipindi. Nateleka sufuria ya chai na kuikoroga kwa mwiko wa mti, maana kijiko cha chuma ukikisahau humo dakika mbili kitakuunguza vidole. Ndani ya metali, elektroni za nje, zile chembe ndogo zenye chaji hasi, hazina mwenyewe. Huzunguka baina ya atomu zote, na ndizo zinazobeba joto na umeme. Leo kidato cha pili wana somo hilo hasa: vifungo vya kemikali na tabia za vitu.

Saa kumi na mbili na robo

Kwenye feri mlinzi anafungua mkoba wangu. Mawe manne ya tochi, nyaya, penseli mbili zilizochongwa pande zote, kitaa nilichokichomoa kwenye tochi mbovu, chumvi ya mawe, sukari, mshumaa, na nyundo. Anaishika nyundo, ananitazama.

"Ya darasani," namwambia. "Mimi ni mwalimu wa kemia."

"Haya, pita mwalimu."

Saa mbili asubuhi

Nimeanza na nyundo. Punje ya chumvi nimeiweka juu ya jiwe, nikaigonga mara moja, ikasambaa vipande vipande. Waya wa shaba nimeugonga mara kumi, ukawa bapa tu. Kwenye chumvi, sodiamu imempa klorini elektroni moja, kila mmoja akawa ioni, yaani atomu yenye chaji, huyu chanya na yule hasi, wakapangana kwa zamu, kila ioni ya sodiamu imezungukwa na sita za kloridi. Safu moja ikisukumwa hatua moja tu, chanya hukabiliana na chanya, hufukuzana, na punje hupasuka. Shaba haina ugomvi huo. Atomu zake huteleza, na zile elektroni zisizo na mwenyewe huendelea kuzishika.

Kisha moto. Vijiko viwili vya chuma, kimoja na nta ya mshumaa, kimoja na chumvi. Vyote vyeupe, vyote vigumu. Nta imeyeyuka kabla sijamaliza sentensi. Inahitaji kama digrii 60 tu. Chumvi imetatarika, ta, ta, ta, kwa maji yaliyonaswa ndani ya punje, halafu ikatulia kama ilivyokuwa. Ili iyeyuke yataka digrii 801.

Nikauliza: nta ilipoyeyuka, kitu gani kimeachana? Karibu darasa zima likajibu kwamba vifungo vya kovalenti, vile vinavyofunga atomu na atomu, vimevunjika, kwa kuwa ni dhaifu. Jibu hili nimelisahihisha miaka yote niliyofundisha na bado linaniuma, kwa sababu mtoto aliyelishika hawezi kuelewa hata birika linalochemka. Atadhani mvuke ni hidrojeni na oksijeni zilizotengana.

Mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo ubaoni naandika Kiingereza. Lakini jambo likiwa zito naligeuza Kiswahili, na vichwa huinuka kutoka madaftarini. Nikawaambia wafikirie leso mbili mbichi zilizogandana kwenye beseni la kufulia. Ukizibandua, umechana uzi? Wakasema hapana. Basi nyuzi ndizo vifungo vya kovalenti, atomu zilizochangia elektroni, na ni imara kwelikweli. Kule kugandana kwa leso na leso ni mvuto baina ya molekuli na molekuli, yaani kundi moja la atomu zilizofungana na kundi jingine, na huo ndio dhaifu. Nta ikiyeyuka, maji yakichemka, ni leso zinazobanduka. Kuchana uzi wa maji kwataka umeme, au joto la maelfu ya digrii.

Chumvi haina leso, akasema msichana mmoja wa nyuma, ni kitambaa kimoja. Nimelipenda jibu lake kuliko langu.

Mwisho tukapima umeme kwa yale mawe ya tochi, nyaya, kitaa na penseli mbili za kuchovya. Chumvi kavu, kimya. Chumvi ndani ya maji, kitaa kikawaka, na kwenye ncha ya penseli moja vikatoka viputo vyenye harufu ya klorini, tukafungua madirisha. Sukari ndani ya maji ilitakiwa iwe kimya. Ikawasha! Hafifu, lakini ikawasha, na kengele ikalia.

Saa tano kasorobo

Chai sikunywa. Nilijua kosa: maji ya bomba la maabara yanatoka kisimani, na visima vingi vya Mombasa vina chumvi. Nisingerudi kwao mchana huu, ningewaacha wakiamini sukari inatoa ioni. Nikaenda hadi kituo cha petroli, nikanunua chupa ya maji ya betri, yale yaliyosafishwa, si asidi.

Saa nane mchana

Penseli nimezipangusa. Maji ya chupa peke yake, kimya. Nikatia sukari, kimya. Maji ya kisima bila kitu, kitaa kikawaka. Mvulana mmoja akauliza kwa nini basi penseli yenyewe inapitisha umeme, na haina metali. Ni grafiti: kila kaboni imeshikana na tatu, elektroni moja ikabaki huru kutembea kwenye tabaka lake. Matabaka yameshikana kidogo tu, ndiyo maana huteleza na kubaki karatasini. Kwenye almasi kila kaboni imeshika nne, hakuna iliyobaki, na hakuna kinachoteleza.

Saa kumi na moja jioni

Nimepitia samaki. Vipande vya barafu vinaelea kwenye ndoo ya muuzaji. Molekuli za maji hushikana kuliko kawaida, hidrojeni ya hii ikivutwa na oksijeni ya ile, na zikiganda huachiana nafasi, barafu ikawa nyepesi kuliko maji yake. Salfidi ya hidrojeni ina molekuli nzito kuliko maji, nayo huchemka kwenye digrii 60 chini ya sifuri. Bila mshiko huo, bahari hii ninayoivuka kila siku ingekuwa mvuke.

Saa tatu usiku

Nasahihisha. Daftari 9 bado zinasema vifungo vimevunjika. Kesho darasa jingine la kidato cha pili lina kipindi hikihiki. Chupa ya maji imebaki nusu; nimeiweka mlangoni pamoja na nyundo.