Fomu aliyotia saini mdogo wangu kule Delhi

Mwaka juzi nilikuwa Delhi nikimuuguza mama, aliyekwenda huko kwa matibabu ya moyo, na mdogo wangu alifuatana nasi akiwa na mimba ya miezi mitano. Siku moja alishikwa na maumivu ya tumbo, ikabidi apimwe altrasaundi. Mapokezini palibandikwa tangazo, kwa Kihindi na kwa Kiingereza, kwamba kutaja jinsi ya mtoto aliye tumboni ni marufuku kisheria. Kisha akaletewa fomu iliyouliza ana watoto wangapi, wa kiume wangapi na wa kike wangapi, na iliyomtaka atie saini chini ya maneno kwamba hataki kujua jinsi ya mtoto anayemtarajia. Alikuwa anataka kujua kwa hamu kubwa, na majina alikwisha kuyachagua. Akatia saini hivyo hivyo.

Karatasi hiyo huitwa Fomu F, nayo inatokana na sheria ya India ya mwaka 1994 iliyoanza kutumika Januari 1996, baada ya jimbo la Maharashtra kutangulia na sheria yake mwaka 1988. Vipimo vilivyoletwa ili kugundua maradhi ya kurithi vilikuwa vimegeuzwa kuwa njia ya kutambua mimba za watoto wa kike na kuzitoa. Katika miaka ya 1980 zahanati zilitangaza waziwazi kwamba ni heri kulipa rupia 500 leo kuliko 50,000 baadaye. Msomaji wa kwetu huenda asielewe mara moja, kwa sababu mahari tunayoijua sisi hutoka kwa mwanamume. Kule ni nyumba ya binti inayotoa, ingawa desturi hiyo nayo imepigwa marufuku tangu mwaka 1961.

Daktari anayekutwa na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 3 na kutozwa faini ya hadi rupia 10,000, na jina lake hufutwa katika daftari la madaktari kwa miaka 5. Kinachonivutia zaidi ni jinsi mama mwenyewe anavyotazamwa: mahakama huchukulia kwamba alilazimishwa na mume au ndugu, mpaka ithibitike vinginevyo. Aliyeandika kifungu hicho alijua ni nani mwenye kauli ndani ya nyumba.

Hata hivyo, kwa miaka kadhaa sheria ililala kabatini, hadi mwaka 2000 mwanaharakati Sabu George na mashirika mawili walipokwenda Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, ambayo ilianza kuzibana serikali za majimbo zisajili mashine na kukagua zahanati. Mwaka 2003 sheria ikapanuliwa ili iguse pia mbinu za kuchagua jinsi kabla mimba haijatunga.

Ugumu ni kwamba kosa lenyewe halina alama. Inasimuliwa kuwa wapo madaktari waliotumia majina ya vyakula vitamu, laddu kwa mvulana na jalebi kwa msichana. Na tabasamu la daktari nani atalipeleka mahakamani? Ndiyo maana karatasi, inayoweza kukaguliwa, ikawa kila kitu. Chama cha madaktari wa uzazi kililalamika kwamba wanachama wake wanaadhibiwa kama wahalifu kwa makosa madogo ya kujaza fomu, na mwaka 2019 Mahakama hiyo ikakataa kulegeza. Nawaonea huruma wale waliosahau tarehe kwa uchovu wa kazi, lakini naona Mahakama ilikuwa na haki, kwani fomu iliyoachwa wazi ni mahali ambapo siri inaweza kujificha.

Matokeo si ya kujivunia. Kwa kila wavulana 1,000 walio chini ya miaka 7, sensa ya mwaka 1991 ilihesabu wasichana 945, ya mwaka 2001 ikahesabu 927, na ya mwaka 2011 takriban 919. Punjab, iliyokuwa na wasichana 798 tu mwaka 2001, ilipanda hadi 846, ilhali majimbo mengine yalikuwa yanashuka.

Tuliporudi Dar es Salaam, mdogo wangu alikwenda kupimwa tena. Mtaalamu hakusubiri kuulizwa, alimgeuzia kioo na kusema, "Hongera mama, ni binti." Mdogo wangu akanitazama akicheka: "Dada, huku hatujasaini chochote."