Usiku mtafsiri aliponyamaza

Mwaka 2009 mjomba wangu alikuwa na banda la video Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mimi, niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne na kusubiri matokeo, nilikuwa msaidizi wake: nilikaa mlangoni kupokea kiingilio cha shilingi 200, nilipanga mabenchi, na umeme ulipokatika nilikimbilia jenereta lililokuwa nyuma ya banda. Humo ndimo niliposhuhudia watu wazima wakigombana kwa sababu ya mwisho wa filamu, ugomvi ambao sijapata kuuona tena kwa uzito ule.

Ili msomaji aelewe ugomvi huo ulitoka wapi, sharti ajue kwamba wateja wetu walikuwa na mkataba na filamu, mkataba usioandikwa popote lakini uliojulikana na kila mtu, hata watoto waliochungulia kwenye matundu ya mabati: stelingi hafi. Anaweza kupigwa hadi damu zimtoke puani, anaweza kutupwa mtoni akiwa amefungwa kamba, anaweza kuuliwa ndugu zake wote, lakini mwisho lazima amkamate adui na kumlipa. Filamu za mapigano kutoka Hong Kong ziliuheshimu mkataba huo, na hata zile za kutisha, zilizojaza banda kila Jumamosi usiku, ziliuheshimu kwa sehemu kubwa, kwani zimwi lilikula watu wengine wote likaja kushindwa na mmoja. Watu walikubali kutiwa hofu kwa saa mbili kwa sababu walijua kwamba watatoka salama pamoja na stelingi wao.

Mlinzi wa mkataba huo alikuwa mtafsiri. Alikuwa mtu wa makamo aliyejifunza Kiingereza bandarini, akihesabu marobota ya katani yaliyopakiwa melini, na kila usiku alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akizisema sauti zote yeye mwenyewe: ya baba, ya mtoto, ya askari, ya mwanamke anayelia. Hakutafsiri tu, bali alieleza, alionya, aliwatania wahusika na kuwapa majina ya mitaa yetu. Mara nyingi alikuwa ameshaitazama filamu mchana kabla ya kuisema usiku. Siku hiyo diski ilifika na basi la jioni kutoka Dar es Salaam, ikiwa imejazwa filamu kadhaa pamoja, na muda uliobaki ulimtosha kutazama mwanzo tu wa ile aliyoichagua.

Filamu yenyewe ilikuwa The Mist, iliyotengenezwa mwaka 2007 na Frank Darabont kutokana na hadithi ya Stephen King. Katika mji mdogo wa jimbo la Maine, Marekani, siku moja baada ya dhoruba kubwa, ukungu mzito unashuka na kuwafungia watu ndani ya duka kubwa la vyakula, na ndani ya ukungu huo wamo viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Mtafsiri aliwaambia watazamaji kwamba ukungu huo ni mzito kuliko ule wa Lushoto, na Msambaa mmoja aliyekaa mbele akapinga kwa sauti, watu wakacheka. Minyiri ilipoingia kupitia mlango wa stoo na kumshika kijana wa dukani, wavuvi waliokaa benchi la nyuma walipiga kelele kwamba huyo ni pweza, na mtafsiri akakubali, akawa anamwita pweza hadi mwisho.

Mambo mawili aliyasema vizuri sana usiku ule, na baadaye ndiyo yaliyotuumiza. La kwanza lilikuwa la mwanamke aliyewaacha watoto wake nyumbani na ambaye, mwanzoni kabisa mwa kizaazaa, aliwasihi watu dukani wamsindikize kwenda kwao. Hakuna aliyekubali. Stelingi naye alisita, kwa kuwa alikuwa na mwanawe wa kumlinda. Mwanamke yule akatoka peke yake, ukungu ukamfunika, na mtafsiri akasema kwa huzuni ya kweli, “Huyu tusimhesabu tena.” La pili lilikuwa la mtoto wa stelingi, aliyemwomba baba yake amwahidi kwamba hatawaacha wale wadudu wamchukue. Mtafsiri aliishusha sauti yake ikawa nyembamba ya mtoto, kisha akairudisha ikawa ya baba, “Nakuahidi, mwanangu,” na mama muuza vitumbua, aliyekuwa amempakata mjukuu wake, akaitikia kana kwamba ahadi hiyo amepewa yeye.

Mwishoni watu watano wanafanikiwa kutoroka kwa gari: stelingi, mwanawe, mwanamke aliyemlea mtoto huyo walipokuwa dukani, na wazee wawili. Wanaendesha ndani ya ukungu hadi mafuta yanakwisha. Bastola ina risasi nne, nao ni watano. Hapo mtafsiri alikuwa bado anasema; alisema kwamba stelingi anawaza njia, kwamba hawa wamechoka tu, kwamba tusubiri. Mtoto akaamka, akamwona baba yake ameshika bastola. Kisha tukaliona gari kwa nje, limezungukwa na ukungu, na mwanga ukamulika ndani yake mara nne.

Mtafsiri alinyamaza. Kipaza sauti kilikuwa bado karibu na mdomo wake, na kwa kuwa hakukizima, spika zote mbili zilitoa pumzi zake, nzito, zikichanganyika na wimbo wa mwanamke unaosikika mwishoni mwa filamu ile, sauti ndefu isiyokuwa na neno hata moja tulilolielewa. Stelingi alitoka garini akiwaita viumbe waje wamchukue na yeye. Kilichotoka ukunguni kilikuwa kifaru cha jeshi, kikifuatiwa na wanajeshi waliokuwa wakichoma viota vya wadudu, na malori yaliyobeba watu waliookolewa. Katika lori mojawapo alikuwa amesimama yule mwanamke tuliyeambiwa tusimhesabu, watoto wake wawili wakiwa pamoja naye, akimtazama stelingi bila kusema neno. Ukungu ulikuwa unaondoka. Laiti angesubiri dakika chache tu.

Kilichofuata hakikuwa kilio bali hasira. Fundi baiskeli wa jirani alisimama akataka filamu irudishwe nyuma, kwa kuwa lazima kuna kitu kilichorukwa. Mwingine alisema kwamba diski ni ya kughushi na wauzaji wamekata mwisho wenyewe. Wapo walioshikilia kwamba iko sehemu ya pili, ambamo mtoto atazinduka, na wakataka kujua itafika lini. Mvuvi mmoja alimfuata mjomba mlangoni na kudai shilingi zake 200, si kwa sababu ya umaskini, maana alikuwa mtu mwenye mashua, bali kwa sababu, kama alivyosema, hakulipa ili aje aonyeshwe baba anamuua mwanawe. Mjomba alimjibu kwa upole, “Kaka yangu, filamu sijaitengeneza mimi.” Mama muuza vitumbua hakugombana na mtu, alimfunga mjukuu wake mgongoni na kwenda zake bila kuaga, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Watu walipotawanyika, mjomba alimwomba mtafsiri jambo ambalo wakati ule niliona ni la busara. Alisema kwamba kesho yake filamu ingeonyeshwa tena, kwa kuwa tangazo lilikuwa limeshabandikwa, na kwamba kwa kuwa watu wengi hawakijui Kiingereza, hakuna ubaya mtafsiri akiwaambia kwamba mtoto na wenzake wamezimia tu na jeshi limewawahisha hospitali. Mtafsiri alibisha kidogo, kisha akakubali, kwa kuwa banda halikuwa lake.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba wazo la mjomba lina wenzake mbali na Ngamiani. Filamu ya Kiingereza The Descent, ya mwaka 2005, inayohusu wanawake waliopotea katika mapango, ilipopelekwa Marekani mwaka uliofuata ilikatwa sehemu yake ya mwisho, ili watazamaji wa huko waondoke wakiamini kwamba mwanamke mmoja ametoka nje, ilhali Uingereza walikuwa wameonyeshwa kwamba bado yumo pangoni. Darabont mwenyewe alikuwa ameahidiwa fedha nyingi zaidi kama angeubadili mwisho wa The Mist, akakataa, akaitengeneza kwa bajeti ndogo. Mwisho ule haumo hata katika hadithi ya King, inayoishia njiani, safari haijakwisha na tumaini bado lipo. Darabont ndiye aliyeubuni, na King aliusifu. Nilipoyasoma hayo nilimheshimu sana Darabont, nami sikumlaumu mjomba, kwa maana yeye hakuwa na studio wala wawekezaji, alikuwa na mabenchi tu na kodi ya kiwanja.

Usiku wa pili banda lilijaa kuliko wa kwanza. Habari zilikuwa zimefika hadi Makorora na Chumbageni, na wengi waliokuja walikuwa walewale waliogombana, wakiwaleta ndugu zao. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba watu wetu hawapendi filamu zenye mwisho mchungu. Yule mvuvi aliyedai fedha zake alikuwepo, na alilipa tena. Mama muuza vitumbua alikuwepo pia, safari hii bila mjukuu.

Mtafsiri alifanya alivyoombwa. Mwanga ulipomulika mara nne, alisema haraka kwamba risasi zimepigwa hewani kuwaita wanajeshi, na kwamba waliomo garini wamezimia kwa kukosa hewa. Wageni waliguna kwa kuridhika. Waliokuwepo jana walitazamana, na nadhani wapo waliotaka kuamini kwamba jana walikuwa wamekosea. Lakini filamu iliendelea, na mtafsiri hakuwa na uwezo wa kuuziba uso wa yule mwigizaji. Baba alipiga magoti barabarani akapiga mayowe, na wimbo ule wa mwanamke ukapanda, wanajeshi wawili wakamkaribia na kumtazama wasijue kilichompata. Mama muuza vitumbua aliuliza kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni:

“Mwanangu, kama mtoto ni mzima, huyo baba analilia nini?”

Mtafsiri hakujibu mara moja. Kisha alisema kwenye kipaza sauti, kwa sauti yake mwenyewe na si ya mhusika yeyote, “Amekufa, mama. Wote wanne wamekufa. Nisamehe.” Mama yule akasema, “Haya. Ndivyo tulivyoona.” Hakuna aliyedai fedha zake usiku ule.

Nimeona filamu nyingi za kutisha tangu wakati huo, na sikubaliani na wanaodhani kwamba mwisho wowote mchungu ni wa maana. Zipo filamu zinazomuua stelingi dakika ya mwisho kwa kumrusha zimwi kutoka gizani, bila sababu yoyote isipokuwa kutushtua, na hizo nazihesabu kuwa za ukatili mtupu. Mwisho wa The Mist ulitayarishwa tangu mwanzo mbele ya macho yetu: ahadi ya baba, idadi ya risasi, mwanamke aliyenyimwa msaada. Mchungu wa namna hiyo niliukuta pia katika Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968, ambamo Ben, mtu mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, anapona usiku kucha katika nyumba iliyozingirwa na wafu, kisha asubuhi anapigwa risasi na kundi la watu waliokuja kuokoa, wakidhani ni mmoja wa wafu hao. Mhakiki Roger Ebert aliitazama filamu hiyo Marekani katika ukumbi uliojaa watoto, na akaandika jinsi walivyonyamaza ghafla, na jinsi msichana mdogo alivyokaa kimya kitini akilia. Niliposoma maneno yake nilimkumbuka yule mjukuu, na bado naamini kwamba mjomba alipaswa kuwarudisha watoto mlangoni tangu usiku wa kwanza. Kuwaficha watu wazima ukweli ni jambo jingine kabisa.

Usiku ule wa pili watu hawakwenda nyumbani. Walibaki nje ya banda, wengine wamekalia fremu za baiskeli zao, wakijadili kile ambacho baba yule alipaswa kufanya. Mvuvi alisema kwamba baharini mtu hakati tamaa kabla ya alfajiri, na kwamba yeye amewahi kungoja na mashua iliyojaa maji akaokolewa. Msambaa alimjibu kwamba baba hakukata tamaa, alitimiza ahadi, na kwamba kama wadudu wangemrarua mtoto mbele ya macho yake, sisi sisi tungemwita mwoga. Mtafsiri, aliyekuwa anakunywa kahawa, hakutaka kuegemea upande wowote. Fundi baiskeli ndiye aliyesema kwamba wote wanabishana kuhusu garini ilhali kosa lilitendeka dukani, pale mama wa watu alipoomba kusindikizwa na wanaume wakaangalia chini. Kama stelingi angembeba mwanawe na kutoka na mama yule, wangekuwa pamoja kwenye lori. Mvuvi alimwambia kwamba hayo ni rahisi kuyasema ukishaona mwisho, naye fundi akajibu kwamba yule mama hakuwa ameuona mwisho alipotoka. Walibishana hadi mjomba akafunga mlango na kuniamuru nizime jenereta. Mimi nilikuwa upande wa fundi baiskeli, na hadi leo ni huko huko niliko.