Visukuku vya vijito vya Cincinnati: kumbukumbu ya mradi, Machi hadi Agosti

Machi

Theluji imeyeyuka, vijito vimejaa, na kingo zinamomonyoka zenyewe. Maji yaliyoganda ndani ya nyufa majira yote ya baridi yamepasua mwamba, mvua inamalizia kazi. Kwa muokotaji huu ndio msimu. Jiji la Cincinnati, Ohio, limekaa juu ya sakafu ya bahari ya kina kifupi iliyokuwapo miaka milioni 450 hivi iliyopita, kipindi cha Odovisi, na sakafu hiyo haijafukiwa sana. Ukizunguka nyuma ya maegesho ya supamaketi ukateremka hadi kijitoni, unakanyaga makombe.

Ruhusa kwanza. Bustani nyingi za umma hapa haziruhusu kuokota. Mimi natumia kijito kinachopita nyuma ya nyumba ya mzee mmoja jirani, aliyenikubalia baada ya kuniuliza mara mbili kama kweli ni mawe tu. Asiye na jirani wa namna hiyo aende Trammel Fossil Park, Sharonville: kilima kizima kimeachwa wazi kwa waokotaji, na ulichookota unaondoka nacho. Wenzangu wa Mombasa msinionee wivu wala msiniige. Huko kwenu kuna amonaiti (wanyama wa bahari wa kale wenye kombe la kujiviringisha) wa kipindi cha Jurasi, lakini Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inataka kibali kwanza.

Aprili

Kijito cha mjini kinadanganya, na mwezi huu wote nimeutumia kujifunza uongo wake.

Wa kwanza kuleta vurugu ni barafu ya kale, iliyoshuka kutoka upande wa Kanada ikibeba graniti za rangi ya waridi na kuzitupa hapa. Hizo utazitambua mara moja. Wa pili ni wahandisi. Penye daraja au bomba la maji ya mvua humwagwa mawe makubwa ya machimboni kuzuia mmomonyoko, nayo ni ya chokaa, na yana visukuku vyake. Nimeokota tumbawe zuri ajabu, limejaa vyumba vidogo vyenye pembe, hatua chache chini ya daraja. Tumbawe la aina hiyo si la mwamba wa mtaa huu, ni la kipindi cha baadaye. Limekuja na lori. Limewekwa kwenye sanduku la "wageni", pamoja na vipande vya matofali vilivyolainishwa na maji hadi vikapendeza.

Kwa hiyo sasa naangalia kingo za jiwe kabla ya kuangalia kisukuku. Zikiwa kali, limeanguka karibuni na tabaka lake liko hapo juu, nalitafuta kwa macho. Zikiwa za mviringo, limesafiri, na kwenye daftari naandika "limeokotwa chini" bila kutaja tabaka.

Jambo jingine la mjini: mabomba ya zamani hapa hubeba maji ya mvua na ya vyooni pamoja, yakizidiwa yanafurika mitoni. Mvua kubwa ikinyesha nasubiri siku kadhaa, na glavu hazivuliwi.

Mei

Bamba moja la mwamba, upana wa sinia, limekula mwezi mzima, na silijutii. Upande wa chini ni makombe yaliyovunjika, yamebanana. Juu yake yako mazima, mengi ni ya Rafinesquina (mnyama wa bahari wa kale mwenye makombe mawili), bapa, yenye mistari myembamba inayotawanyika kutoka kwenye bawaba. Zaidi juu makombe yanapungua, chembe zinakuwa laini, na uso wa mwisho una mawimbi madogo ya mchanga. Hiyo ni dhoruba moja: ilikokota sakafu ya bahari, ikavunja, kisha ilipotulia vizito vikazama kwanza na tope likafuata. Kati ya bamba na bamba kuna udongo wa bluu-kijivu unaomeguka kwa vidole, nao ni miaka ya utulivu.

Nasafisha kwa maji, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Siki hapana: visukuku vyenyewe ni chokaa, itavila pamoja na uchafu. "Baba Neema, hilo beseni ni la nguo," nimeambiwa, kwa hiyo sasa nina langu.

Julai

Maji yamepungua hadi kifundo cha mguu. Nimepata Flexicalymene mzima! Ni trilobiti, mnyama wa bahari wa kale mwenye gamba la pingili, wa sentimita mbili hivi, amejikunja kama jongoo aliyeguswa, macho mawili yamebaki juu ya kichwa. Alikuwa ndani ya ule udongo unaomeguka, si kwenye bamba. Tope lilimfunika kabla hajajikunjua. Vipande vya Isotelus, trilobiti mwingine na kisukuku rasmi cha jimbo cha wanyama wasio na uti wa mgongo tangu 1985, ninavyo vingi, ila vyote ni vya mkia.

Mashina ya krinoidi (mnyama wa bahari anayefanana na ua lenye shina), yale ya pembe tano yenye tundu katikati, nimeacha kuyaokota. Yametosha.

Agosti

Kila jiwe sasa lina doa la rangi nyeupe na namba ya wino, na daftari lina mahali, tabaka na tarehe. Lisilo na namba limerudi kijitoni, hata likiwa zuri. Droo ya wasiotambulika imejaa briozoa, makundi ya vijinyama vya bahari, wenye matawi yanayofanana mno kwa jicho tupu. Nitaipeleka kwenye mkutano wa Dry Dredgers, chama cha wapenda visukuku cha hapa tangu 1942. Kabla ya hapo nahitaji lenzi ya kukuza mara kumi. Niliyo nayo imekwaruzika.