Nimeng'oa boksi la ea klina, nimeweka filta ya koni

Jana nilishinda chini ya boneti. Lile boksi jeusi lililokuja na gari, lenye filta ya kuchuja hewa ya injini, nimeling'oa, bolti tatu tu za spana namba 10, ila kuna klipu moja huko nyuma imenichubua vidole balaa, halafu sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, nikaihamishia kwenye bomba jipya (angalia mshale wake unaoonyesha hewa inakoelekea, ukiigeuza gari litakusumbua). Nikakaza klampu, nikawasha... aisee ule mvumo! Ukikanyaga mafuta unaisikia inavuta pumzi kabisa.

Sasa nguvu? Tusidanganyane, sijaona kitu cha maana. Tena kwenye foleni gari limekuwa zito kidogo, maana koni iko wazi inavuta joto la injini, wakati boksi lilikuwa linachukua hewa ya baridi kule mbele karibu na taa, na hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni inapungua. Nitaikatia bati la kuikinga. Na kama filta yako ni ya kupaka oili, usiimwagie kama unakaanga maandazi, ikizidi inaenda kuganda kwenye kale kawaya ka sensa, taa ya cheki injini inawaka.

Boksi la zamani sijatupa, lipo uvunguni.