Kumbukumbu ya mradi wangu: nasaba ya akina Metellus wa Roma

Safu ya wanaume wa ukoo wa Caecilius Metellus sasa imekamilika kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani, kuanzia Lucius Metellus Denter, konsuli (mmoja wa watawala wakuu wawili waliochaguliwa kila mwaka) wa mwaka 284 KK, hadi Metellus Scipio, konsuli wa mwaka 52 KK. Niliuchagua ukoo huu kwa sababu unamwondolea mtu dhana kwamba plebei wa Roma, yaani raia wasiokuwa wa koo za kale za kitawala zilizoitwa patrisia, walikuwa mafukara watupu. Uplebei ulikuwa hadhi ya kisheria ambayo mtu alizaliwa nayo, na angeweza kumiliki mashamba, watumwa na wafuasi tele akabaki plebei vilevile. Sheria za Licinius na Sextius za mwaka 367 KK ziliwafungulia plebei ukonsuli, na sheria ya Ogulnius ya mwaka 300 KK ikawafungulia ukuhani. Akina Metellus walipita milango yote miwili: Lucius, konsuli wa mwaka 251 na tena 247 KK, akawa kuhani mkuu mwaka 243 KK, na mjukuu wake Macedonicus akawa sensori (afisa wa kuhesabu raia na kusimamia maadili) mwaka 131 KK pamoja na Quintus Pompeius, ikiwa ni mara ya kwanza kwa plebei wawili kushika cheo hicho kwa pamoja.

Kinachochosha ni majina. Karibu kila mwanamume ni Lucius au Quintus, mara mojamoja Marcus au Gaius, na programu ya nasaba ninayoitumia kwenye kompyuta ina tabia ya kupendekeza kwamba majina yanayofanana ni ya mtu mmoja. Hapo ndipo orodha ya makonsuli iliyochongwa kwenye marumaru zama za Augusto, ambayo vipande vyake vimehifadhiwa katika makumbusho ya Capitolini, inapokuwa na thamani kubwa kuliko maelezo ya mwanahistoria yeyote wa kale. Kila konsuli ameandikiwa jina la baba, likifuatwa na herufi F, na jina la babu, likifuatwa na herufi N. Konsuli wa mwaka 119 KK ni Lucius Metellus, na konsuli wa mwaka 117 KK ni Lucius Metellus pia; lakini wa kwanza ni mwana wa Lucius na mjukuu wa Quintus, ilhali wa pili ni mwana wa Quintus na mjukuu wa Quintus. Ni wana wa ndugu wawili, basi, na babu yao ni Quintus Metellus, konsuli wa mwaka 206 KK. Warumi wenyewe waliwatofautisha kwa lakabu: wa kwanza aliitwa Delmaticus kwa vita vyake vya Dalmatia, na wa pili Diadematus kwa sababu ya kitambaa alichojifunga kichwani muda mrefu kuficha kidonda. Nami nimeamua kutumia lakabu pamoja na mwaka wa ukonsuli kama kitambulisho cha kila mmoja.

Ushahidi mwingine niliouingiza ni sarafu. Denari iliyotolewa na Marcus Metellus mwaka 127 KK ina ngao ya duara ya Kimakedonia, katikati yake kichwa cha tembo, na taji la majani ya mlaureli limeizunguka ngao yote. Ngao ni ya baba yake, Macedonicus, aliyemshinda Andriscus huko Makedonia mwaka 148 KK. Tembo ni wa baba wa babu yake, yule Lucius aliyeteka tembo wa Karthago penye mji wa Panormus huko Sisilia mwaka 250 KK. Kijana alikuwa bado hajapata ukonsuli, lakini kila aliyeshika denari yake sokoni alikuwa ameshika nasaba ya vizazi vinne. Sioni tangazo la kisiasa lililobanwa vizuri kuliko hilo.

Kati ya mwaka 123 na 109 KK ukoo ulitoa makonsuli sita: wana wanne wa Macedonicus, na wawili wa nduguye Calvus, yaani Delmaticus na Numidicus. Kwenye karatasi kizazi hicho kimejaa hadi pembeni. Kisha safu inapungua ghafla. Baada ya Numidicus anafuata Nepos wa mwaka 98 KK, na wa baada yake, Metellus Pius, ni wa mwaka 80 KK. Anayesoma safu ya wanaume peke yake atasema ukoo ulififia.

Kwa hiyo kazi ya sasa ni kuwaingiza mabinti, na hapa picha inageuka. Wote wanaitwa Caecilia Metella, kwa hiyo ninamtambulisha kila mmoja kwa baba na mume. Binti wa Delmaticus aliolewa na Aemilius Scaurus, konsuli wa mwaka 115 KK, na baada ya kufiwa naye akaolewa na jemadari Sulla mwaka 88 KK, mwaka uleule Sulla alipokuwa konsuli. Alipokuwa mahututi, makuhani walimkataza Sulla asiitie nyumba yake unajisi wa msiba, naye akampelekea talaka na kumhamishia nyumba nyingine angali hai. Kisha akamzika kwa gharama zilizovunja sheria ya mazishi aliyoitunga yeye mwenyewe. Binti wa Calvus ndiye mama wa jemadari Lucullus. Binti mmoja wa Macedonicus alimzaa Servilius Isauricus, na mwingine aliolewa na Scipio Nasica, konsuli wa mwaka 111 KK.

Huyu wa mwisho ndiye aliyenifanya nichore upya upande wa kulia wa karatasi. Metellus Scipio, anayefunga safu ya makonsuli, alizaliwa katika ukoo wa kipatrisia wa Cornelius Scipio na akalipata jina la Metellus kwa kurithishwa, yaani kufanywa mwana kwa wosia, na Metellus Pius, ambaye hakuacha mtoto wa kumzaa. Nilikuwa nimemwekea mstari wa nukta, kama mgeni aliyekaribishwa. Ukifuata upande wa bibi yake mzaa baba, hata hivyo, unamkuta binti wa Macedonicus, na Metellus Scipio anakuwa kitukuu cha Macedonicus kwa damu. Pius alimrithisha jamaa. Mstari wa nukta nimeuacha, maana urithishaji ni tendo la kisheria na unastahili alama yake, lakini juu yake sasa unapita mstari mzima wa wino mwekundu, rangi niliyowatengea wanawake.

Aliyebaki kuingizwa ni Caecilia wa kaburi kubwa la mviringo lililo kando ya Via Appia, nje ya Roma. Maandishi yake yana maneno machache tu: kwa Caecilia Metella, binti wa Quintus Creticus, wa Crassus, yaani mke wa Crassus. Baba ni konsuli wa mwaka 69 KK, mwana wa Caprarius, mmoja wa wale wana wanne wa Macedonicus, kwa hiyo kwa upande huo nafasi yake iko tayari. Kwa upande wa mume nahitaji karatasi ya pili, itakayoanza na akina Licinius Crassus, nao plebei.