Thad Jones na muziki alioukataa Basie

Mwaka 1965 Count Basie, kiongozi wa bendi kubwa ya jazi, alimwagiza Thad Jones muziki wa albamu nzima. Thad aliijua bendi hiyo kwa undani, maana alikaa humo tangu 1954 hadi 1963 akipiga tarumbeta. Hata hivyo Basie alipousikia muziki wenyewe aliona hauendani na bendi yake, akaurudisha. Humo ndimo zilimokuwa "Backbone" na "Big Dipper", na ndio uliokuwa mtaji wa kwanza wa bendi ambayo Thad aliianzisha New York pamoja na mpiga drams Mel Lewis.

Thad alizaliwa 1923 Pontiac, Michigan, katika nyumba iliyowatoa pia ndugu zake Hank, mpiga piano, na Elvin, mpiga drams. Wengi wanamkumbuka kwa solo yake katika "April in Paris" ya Basie (1955), anapochomeka wimbo wa watoto, "Pop Goes the Weasel". Ni utani mzuri, lakini si hapo penye ukubwa wake. Ukubwa wake uko kwenye kalamu, yaani jinsi alivyoviandikia vyombo.

Tuchukue saksafoni tano na kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) ya C7. Juu weka D, ambayo ndiyo wimbo wenyewe. Chini yake B♭, kisha A, kisha E, na baritoni, saksafoni ya chini kabisa, ishike C. Tazama B♭ na A: zimetengana nusu toni tu, hatua ndogo kabisa kwenye piano, nazo zinakwaruzana makusudi. Mwalimu wa kwaya angezipiga mstari mwekundu. Thad alizitafuta, kwa sababu mkwaruzo huo ndio unaoipa kodi makali bila kuongeza sauti.

Mambo huharibika hivi. Anayepiga A husikia mgongano, hudhani amekosea, naye hupunguza sauti au huisogeza nota kidogo. Papo hapo kodi inapoa. Sauti za ndani lazima zipigwe kwa nguvu ileile ya sauti ya juu. Kwa mwandishi, hatari ni mbili: nusu toni ikikaa chini sana, sauti hugeuka tope, ikikaa moja kwa moja chini ya wimbo, wimbo hupotea.

Usisahau pia kuhamisha nota. Tarumbeta ya B♭ huandikiwa toni moja juu: ukitaka isikike C, andika D. Kosa la aina hii linafanana sana na ukwaruzaji wa Thad, kwa hiyo pitisheni sehemu moja moja kabla ya kuziunganisha.

Alama yake nyingine ni kuipa saksafoni ya soprano, yenye sauti ya juu kuliko alto, uongozi wa safu mahali alto ilipozoeleka. Kazi hiyo ilikuwa ya Jerome Richardson. Safu inang'aa, ila soprano ni chombo kigumu kukishika kwenye sauti sahihi, na ikipotoka wanne walio chini yake hawana pa kujishikiza.

Bendi ya Thad na Mel ilianza Village Vanguard, klabu ya jazi ya New York, Februari 7, 1966, siku ya Jumatatu, usiku ambao wanamuziki wa studio walikuwa huru. Thad aliongoza kwa mikono: alirefusha solo, akanyamazisha besi na drams, akaita safu ya tromboni iingie. Ndiyo maana rekodi za ukumbini hazilingani na kilichoandikwa.

Mwaka 1979 alihamia Copenhagen. Jeraha la mdomo lilimfanya ashike tromboni ya vali. Basie alipofariki 1984, bendi yake ilimpa Thad uongozi mwaka uliofuata. Hakudumu, alifariki Copenhagen Agosti 1986. Mel aliendelea na Jumatatu za Vanguard hadi kifo chake 1990, na bendi bado ipo kwa jina la Vanguard Jazz Orchestra.

Kwa anayeanza, albamu ni "Consummation" (1970). "A Child Is Born" inaonekana nyepesi, mapigo matatu kwa kipimo, lakini ina vipimo 30 badala ya 32. Anayehesabu kwa mazoea atakuwa bado anamalizia wakati wenzake wamesharudi mwanzo. Kisha hamia "Fingers", usikilize saksafoni zinapocheza peke yao. Sikiliza mara ya kwanza kwa ajili ya sauti ya juu. Mara ya pili ifuate sauti ya tatu, uiimbe ukiweza.